Siku tano na plau kwenye njia ya reli ya zamani, Maine

Siku ya kwanza, Jumatano

Nilipompigia mama simu Lushoto nikamwambia nakwenda kufanya kazi ya plau kwa siku tano, swali lake la kwanza lilikuwa ng'ombe nimewatoa wapi. Kwa hiyo nianze hapo. Plau ninayoisema haina ng'ombe wala hailimi shamba la mtu. Ni bapa la chuma lililojikunja kidogo, kama la katapila ila dogo, linalofungwa mbele ya pikipiki ya matairi manne, zile kwadi ambazo watalii hukodi Zanzibar kuzurura mashambani. Huku Maine, jimbo la kaskazini-mashariki mwa Marekani, wengi huinunua kwa ajili ya theluji. Lakini theluji ikishayeyuka, bapa hilohilo hutengeneza njia za msituni: linasawazisha kokoto, linafuta mifuo ya matairi, linarudisha udongo uliosombwa.

Njia yenyewe inaitwa Down East Sunrise Trail. Ina maili 87, kama kilomita 140, kuanzia pembeni mwa mji wa Ellsworth hadi Ayers Junction, karibu na mpaka wa Kanada. Zamani ilikuwa reli. Treni ziliacha kupita miaka ya 1980, jimbo likainunua mwaka 1987, na baadaye vyuma vikang'olewa na kokoto zikamwagwa. Sasa wanapita wenye baiskeli, wenye farasi, wenye miguu yao, wenye kwadi, na wakati wa baridi wenye pikipiki za theluji. Njia ndefu namna hiyo haijitunzi, na watu wa vilabu vya kwadi hujitolea kusaidia.

Kwetu Usambara hii ingeitwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kujitolea. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mzaliwa wa Bukavu, aliposikia malipo ni kahawa na donati alicheka kwa pua. "Kumbe ni salongo." Zama za Mobutu kule Kongo salongo, kazi ya umma, haikuwa hiari hata kidogo, kwa hiyo alilitamka neno hilo kwa jicho la kushuku. Hata hivyo alikuja, na amekuja na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao.

Tuliondoka Portland saa kumi na mbili asubuhi, trela nyuma, tukaingia Cherryfield, mji mdogo ulio kando ya njia hiyo, karibu saa tano. Mwenyeji wetu ni mzee wa hapahapa Maine aliyekuwa jirani yetu Portland kabla hajastaafu. Ameendesha magreda ya barabara za vijiji maisha yake yote ya kazi. Tulimkuta uwanjani ameshaweka futi mfukoni.

Futi ile ilinitia aibu kabla sijanywa hata kahawa. Plau yangu nimeinunua mtumba, ina upana wa inchi 50, na aliyeniuzia aliniapia kwamba inatosha kwadi yoyote. Mzee hakubishana na mtu asiyekuwepo. Aliifunga, akaigeuza upande hadi pini ya mwisho, nyuzi 25, akapima. Inchi 50 ni sentimita 127, lakini likikaa mshazari bapa hilo linafagia sentimita 115 tu. Kwadi yangu, kutoka ukingo wa tairi hadi ukingo wa tairi, ina sentimita 121. Maana yake tairi moja litakuwa linapanda juu ya tuta nililolisukuma mwenyewe, na kila nitakachosawazisha nitakivuruga hapohapo. Akatoa stoo bapa lake la akiba la inchi 60. Hilo hata likilala mshazari hubaki na sentimita 138.

Jioni yote ikaishia chini ya kwadi. Fremu ya kusukumia haifungwi kwenye bampa. Inapita chini ya tumbo na kushikwa katikati ya chasisi, ili nguvu ya kusukuma iende kwenye uti wa mgongo wa mashine badala ya kuvunja mikono ya mbele. Bolti nne, na moja ilikuwa imeshikwa na kutu mpaka ikatupotezea nusu saa nzima. Shemeji alilala chali kwenye majani yenye umande akiitukana kwa Kishi, lugha ya kwao.

Siku ya pili, Alhamisi

Nyuzi 2 asubuhi. Ukungu umelalia mto Narraguagus na mitaro ya njia ina ganda jembamba la barafu, kama lile la juu ya maziwa yaliyopoa. Tumepangiwa kipande cha mashariki ya mji, kuelekea Harrington. Mzee yuko na kwadi yake inayovuta nyuma boksi la chuma la kuchania ardhi, mimi na shemeji tunapokezana yenye plau.

Kosa langu la leo nitalisimulia lote, kwa sababu nadhani kila mgeni wa plau hulifanya.

Nyuma ya bapa, kila upande, kuna kiatu: sahani nzito ya chuma inayoteleza juu ya ardhi na kuinua kisu cha chini kisiguse kokoto. Urefu wake unaupanga kwa washa, zile pete bapa za chuma. Ukiongeza washa chini ya kola inayoshika mguu wa kiatu, kisu kinapanda, ukipunguza, kinashuka. Mzee alikuwa amekiacha kisu kama inchi moja juu ya ardhi. Nilipita mita mia mbili sikuona kitu. Kokoto zilitetemeka kidogo tu, mifuo ikajaa nusu. Nikaona huu ni mchezo. Nikasimama, nikatoa washa mbili kila upande, nikavuta waya wa winchi, ile mashine ndogo ya umeme inayoinua bapa, ukakaza ili bapa lisirukeruke, nikaendelea.

Sasa kazi ikaonekana! Rundo la kokoto na udongo mweusi likajikunja mbele yangu kama wimbi, injini ikanguruma, nikajisikia mwanaume. Nilikwenda kama mita hamsini hivi. Nilipogeuka, mzee alikuwa amesimama nyuma yangu, injini imezimwa, kikombe cha kahawa mkononi.

Hakusema neno. Alikuja mpaka katikati ya nilipopita, akainama, akamimina kahawa kidogo chini. Ikakaa. Kidimbwi kidogo cha kahawia, kinatoa mvuke, hakiendi popote. Kisha akatembea mbele yangu, pale ambapo plau haijafika, akamimina iliyobaki. Ile ilisita, ikapata njia, ikatiririka taratibu kuelekea mtaroni ikiacha mstari mweusi juu ya kokoto.

"Unatengeneza njia au unachimba kaburi?" akaniuliza.

Njia nzuri ina mgongo. Katikati iko juu kidogo, pembeni chini, ili mvua ikinyesha maji yasipate pa kukaa. Mimi nilikuwa nimeukata mgongo na kusogeza nyama yake yote pembeni, na pembeni pakawa na tuta linalozuia maji yasitoke. Kwa maneno mengine nimejenga beseni la urefu wa mita hamsini. Mzee anasema nusu ya njia mbovu alizoziona maishani hazikuharibiwa na matairi, ziliharibiwa na watu wenye plau na bidii.

Kukaza waya nako kulikuwa kosa. Waya ukilegea, bapa hukaa kwa uzito wake lenyewe na kufuata ardhi, linashuka kwenye bonde na kupanda kwenye kilima. Wenyewe husema plau ielee. Ukiukaza, bapa linaning'inia kimo kimoja: linakata vichwa vya matuta na kuruka mabonde, halafu unashangaa kwa nini njia imekuwa mbaya kuliko ulivyoikuta.

Tulirudisha washa. Kurekebisha mita hamsini kulichukua muda wote hadi chakula cha mchana. Unaweka pini ili bapa litazame katikati ya njia, unapitisha matairi ukingoni kabisa, na lile tuta la pembeni linarudi kidogokidogo. Unageuka, unafanya hivyohivyo upande wa pili. Mwisho unanyoosha bapa, unaliacha lielee, unapita katikati kama mtu anayepiga pasi. Yote kwa gia ya chini, mwendo wa mtu anayetembea kuwahi basi. Nilipojaribu gia ya juu nilisikia harufu ya mpira unaoungua. Ni mkanda wa gia ulioanza kuteleza. Nikarudi chini bila kusubiri kuambiwa.

Sombe ililiwa na watu watatu. Mzee aliuliza ni mchicha wa aina gani, akaambiwa ni majani ya muhogo, akaongeza.

Siku ya tatu, Ijumaa

Betri imekufa. Jana tuliinua na kushusha plau kutwa nzima injini ikiunguruma taratibu, na winchi hula umeme kuliko kinachorudi kwenye betri kwa mwendo huo. Tukawasha kwa waya kutoka kwadi ya mzee.

Saa nne waya wa winchi ukakatika. Haukukatikia mbali: ni pale karibu na ndoano, panapopinda juu ya rola kila unapoinua bapa, siku nzima pahali palepale. Nyuzi zake zilikuwa zimesimama kama manyoya ya paka aliyeona mbwa, nami niliziona asubuhi nikapita. Winchi hii ya paundi 2,500, kama kilo 1,130, imeundwa kuvuta kwadi iliyozama topeni, si kuinua bapa mara mia mbili kwa siku. Na kidole gumba changu kina kesi yake pia, maana bapa likishafika juu mimi bado nabonyeza. Mzee alikata kipande kibovu, akaachana na waya, akatuwekea mkanda mfupi wa nailoni kati ya winchi na plau. Mkanda hupinda bila kinyongo, na ukichakaa unanunua mwingine kwa bei ya chakula cha mchana.

Baada ya hapo usukani ulikuwa wa shemeji. Mimi nilikuwa nyuma na reki. Ghafla nikasikia mlio kama mtu amepiga reli kwa nyundo, bapa likainamia mbele, kwadi ikasimama, na shemeji akawa ameshashuka tayari, sijui kwa njia gani.

"Shemeji, hii kitu iko na hasira!"

Bapa lilikuwa limefanya kazi yake. Nyuma yake zipo springi mbili nene, na kisu kikigonga kitu kisichosogea, bapa zima hujikunja mbele likapita juu yake, kisha springi hulirudisha. Plau isiyo na springi ingehamishia pigo lile kwenye kifua cha shemeji. Tulichimbua kilichogongwa kwa koleo. Ni msumari wa reli, mfupi kidogo kuliko shubiri, mraba, kichwa kimekaa upande mmoja kama kofia iliyovaliwa kihuni. Kutu yake inabanduka kwa tabaka, lakini ndani chuma bado ni kizima. Treni hazijapita hapa tangu sijafikiria kuvuka bahari, na msumari ulikuwa bado unangoja kazi. Nilitaka kuondoka nao nyumbani. Mzee akaniambia nisihangaike, ana ndoo nzima.

Siku ya nne, Jumamosi

Leo tumekuwa watu wengi, labda kumi na wawili, na donati kweli zimekuja.

Kulipopambazuka tuliona kile ambacho ukungu ulituficha siku mbili: mashamba ya buluberi ya mwitu, matunda madogo ya buluu, ya ile mimea mifupi inayotambaa chini, yamegeuka mekundu mpaka upeo wa macho. Buluberi huvunwa Agosti, na Oktoba majani yake huwaka namna hii, kama mtu ameangusha vitenge vyekundu juu ya vilima. Shemeji alishawahi kuvuna huku kwa reki za mkono msimu mmoja, mgongo wake bado unakumbuka, kwa hiyo hakupiga picha hata moja.

Kazi ya leo ni mashimo. Kuna kipande karibu na makutano ya barabara ambapo kwadi huondoka kwa kasi, na njia imekunjamana kama bati, mashimo katikati. Hapa plau ya mbele peke yake haifai. Ukijaza shimo kokoto na kulipiga pasi, kile ulichojaza kinakaa kama kifuniko, tairi la kwanza linakitetemesha, la kumi linakitoa. Bati nalo ni vilevile: lazima ulikate mpaka chini ya mabonde yake, la sivyo baada ya wikiendi mbili limerudi. Ndipo boksi la mzee linapoingia. Ni sanduku la chuma lisilo na kitako, mbele lina safu ya meno. Meno yanachana ardhi ngumu hadi kina cha shimo, kuta za nyuma zinakusanya na kumwaga sawia, halafu mimi nafuata na plau kurudisha mgongo. Alisimama mara tatu kuongeza mawe juu ya boksi ili meno yaingie. Kwa bahati ardhi ilikuwa na unyevu. Kavu kabisa ingetoka vumbi tupu lisiloshikana.

Kundi lingine lilikuwa mitaroni na reki, likitoa majani ya mimepo, ile miti ya maple. Nilidhani ni usafi tu. Kijana mmoja akaniambia hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko yetu: majani yakiziba, maji yanabaki chini ya njia, baridi inayagandisha, barafu inavimba na kuinua kokoto, na ikiyeyuka wakati wa kuchipua njia inakuwa uji. Ndiyo maana msimu wa matope njia hii hufungwa kwa kwadi. Sikuwa na cha kujibu, nikachukua reki.

Kwenye kalavati moja majani hayakuwa na kosa. Mdomo wote ulikuwa umezibwa kwa fito, matope na mawe madogo, vimesukwa kwa ustadi ambao ungemtia wivu mjenzi wa nyumba ya udongo. Kila fito imechongwa ncha, na kwenye ncha kuna michirizi miwili miwili ya meno, myeupe, bado inanukia utomvu. Ni biva, mnyama mwenye umbo la panya buku lakini mkubwa kama mbwa wa wastani, mkia kama mwiko. Anasikia maji yanakimbia, anaziba. Shemeji alishaingia na koleo, mzee akamzuia. Bwawa la biva halivunjwi kienyeji, kwanza wenye mamlaka ya wanyamapori wajulishwe. Akapiga simu, akaacha ujumbe, tukafunga utepe wa njano, tukasonga.

"Kwetu angekuwa ameshaliwa," shemeji akaninong'oneza.

Usiku mvua imeanza, na naandika haya nikiisikia juu ya bati la stoo.

Siku ya tano, Jumapili

Imenyesha hadi alfajiri. Tulipaswa kufunga mizigo na kurudi Portland mapema, lakini mzee alitugongea saa moja na koti la mvua mwilini na kutuambia leo ndiyo siku ya kuona kazi, siku za jua kila njia ni nzuri. Kwadi tuliziacha. Tulitembea.

Kipande cha mashimo kilikuwa kimekaa vizuri kuliko nilivyotarajia. Kokoto zimeoshwa, zinang'aa, na maji yanaachana katikati, haya yanakwenda kushoto, haya kulia, nyuzi nyembamba mamia kuelekea mtaroni. Kwenye kalavati ya biva maji yamepanda shubiri nzima, utepe wetu umelowa na kuning'inia. Mwenye bwawa hakuonekana, ila kulikuwa na fito mpya mbili.

Halafu tukafika kwenye mita zangu hamsini. Kwa mbali zilikuwa safi. Karibu na mwisho, pale nilipochimba sana kabla ya kugeuka, kulikuwa na kidimbwi cha ukubwa wa sinia, rangi ya kahawa yenye maziwa, kimetulia, na jani jekundu la mmepo linazunguka juu yake polepole.

Mzee alinitazama bila kusema kitu. Shemeji naye, ambaye siku zote nne alikuwa na neno, safari hii alinyamaza, akanipa koleo.

Nilikata mfereji mdogo kwenye ukingo, upana wa kiganja. Maji yalisita, kisha yakaenda, na jani likaenda nayo hadi kwenye nyasi. Nikaleta ndoo tatu za kokoto kutoka kwenye lundo la barabarani, nikajaza, nikakanyaga kwa buti mpaka pakawa juu kuliko pembeni. Mzee aliegemeza futi yake ya mbao juu ya pale nilipomaliza, akachungulia chini yake kwa jicho moja, akaongeza konzi moja ya kokoto kwa mkono, kisha akatuuliza kama ile sombe imebaki.